Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Dereva ndiye aliyetangulia kutuambia, nasi tukamcheka.

Alikuwa mtu wa Kasongo, mwenye lori la kubeba mizigo kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na mara mbili kwa mwezi alilala kwetu, chumba cha katikati. Aliamka kabla ya kuku. Mama alikuwa amekwisha kumwekea birika la maji mlangoni. Yeye alitawadha, akatandika mkeka wake ukingoni mwa baraza, akasali, kisha akaja kukaa jikoni kungoja chai. Mgeni mwingine yeyote asingethubutu, maana mama hakupenda wanaume jikoni kwake. Asubuhi hiyo, kiangazi kikiwa kimekaza, aliingia akijifuta ndevu kwa kiganja.

“Mama, mayi yenu ya leo iko na ladha ya musumari.”

“Musumari gani?” mama akasema bila kugeuka. “Weye njo unatafunaka misumari mu kamyo yako.”

“Nasema kweli. Nimeosha kinywa, meno yote imesimama.”

“Meno yako iko ngapi, papa, hata isimame yote?”

Alikuwa hana meno mawili ya mbele. Alicheka mpaka akashika mlango, na mimi niliyekuwa napepea makaa nikacheka naye. Mama akamjazia kikombe, akamwekea sukari vijiko vinne kama alivyopenda, na mazungumzo yakahamia kwenye barabara ya Kolwezi na mashimo yake.

Nyumba ile baba aliijenga alipostaafu kazi ya kiwandani. Iko mwisho wa Likasi, upande wa kuelekea Mulungwishi, pale ambapo nyumba zinaachana na mahindi yanaanza. Matofali aliyachoma mwenyewe. Hakukusudia kupokea wageni. Siku moja ya mvua mzee mmoja na mkewe, waliotoka kumwona mtoto wao kwenye shule za misheni, walikosa gari la kurudi, wakaomba kujikinga. Mama akawapa kitanda, na asubuhi chai, maandazi na viazi vitamu. Muhula uliofuata walirudi wakiwa na wazazi wengine wawili. Baba akaongeza vyumba vitatu upande wa nyuma na kupigilia ubao barabarani, maneno nusu Kifaransa, nusu Kiswahili, kama tunavyosema wenyewe. Watu hawakuusoma ubao. Walisema tu, nenda kwa mama ya chai.

Chai yake ilikuwa na sheria moja. Ilipikwa kwa ndoo ya kwanza ya siku, maji yaliyolala kisimani usiku kucha bila kuguswa na kamba. Ndoo hiyo ilikuwa ya wageni: kujaza birika la chai, mtungi wa mezani, na birika la dereva la kutawadhia. Sisi wa nyumbani tulikunywa kuanzia ndoo ya tatu au ya nne, maji yaliyokwisha kuchokozwa. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza sababu. Mimi niliuliza sababu ya kila kitu. Nilimwuliza padri kwa nini majivu ya Jumatano ya kuanza Kwaresima yatoke kwenye matawi ya mwaka jana na si ya mwaka huu, mpaka akamwomba mama anipeleke nyumbani.

“Juu ya nini unauliza?” mama alinijibu. “Mugeni ametoka mbali. Weye umetoka wapi? Mu kitanda.”

Nilikwenda Lubumbashi kusoma kemia. Baba alifariki wakati wa mvua, mwaka wangu wa mwisho. Nilirudi na shahada ambayo hakuna aliyeihitaji. Nilipeleka barua za kuomba kazi kila mahali palipo na bomba la moshi, na nilipochoka kungoja majibu nikaanza kutandika vitanda.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutoka Kolwezi baada ya matanga. Alikaa mezani pa wageni, akanywa chai, akasema mjane hakai peke yake kando ya barabara, watu watasema. Ana chumba nyuma ya nyumba yake, kinamfaa. Mama alimsikiliza akiwa amesimama. Kisha akasema, “Kaka, siku nitakosa mugeni, nitakuya. Kama bageni banakuya, nitakaa.” Wakakubaliana hivyo, mbele yangu. Mjomba alipoondoka mama aliniambia kitu ambacho hakukisema tena: kwamba alishawaona wanawake wa umri wake katika vyumba vya nyuma, wanakaa na mikono mapajani, wanangoja mtoto wa mwenye nyumba aje kuwaambia chakula kiko tayari. “Minye niliamusha bantu na chai miaka yote hii,” alisema. “Siwezi kuamushwa.”

Kwa hiyo kila mgeni aliyekaa mezani petu alikuwa siku moja zaidi ya mama katika nyumba yake. Nilikuwa nawahesabu kimoyomoyo, na nadhani yeye pia.

Na walikuja. Walikuja mafundi wa bwawa la Mwadingusha, ambao walikuwa wakipita wakikagua nguzo za umeme. Waya zao kubwa zilipita juu kabisa ya paa letu, zikivuma, na ndani tulikuwa na taa ya betri. Fundi mmoja alipenda kulala chali kwenye nyasi na kunyoosha kidole juu. “Angalieni chakula inapita juu ya kichwa ya mwenye njaa,” alisema, na mama akampa andazi lingine ili anyamaze. Walikuja wachungaji na mikoba yao ya Biblia. Walikuja wazazi. Zaidi ya wote alikuja mwalimu, mwanamke mstaafu wa Kamina, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alimlea mjukuu wake yatima na kumweka bwenini Mulungwishi. Kila muhula alilala kwetu siku mbili, kwenda na kurudi. Alisahihisha Kifaransa cha kila mtu mezani, hata cha wachungaji. Mchana alimsuka mama nywele barazani, na mama, ambaye hakukaa kitako kwa ajili ya mtu yeyote, alikaa. Alimwita yaya, dada mkubwa, na mwalimu naye alimwita yaya, maana hakuna kati yao aliyekubali kusema umri wake.

Baada ya maneno ya dereva, wiki moja haikuisha. Fundi wa waya alikunywa chai akaenda kutapika nyuma ya choo. Alisema ni pombe ya jana, tukaamini. Mchungaji aliyefuata hakuwa mtu wa pombe. Alilala siku nzima amejikunja, na mama akamchemshia uji wa mtama. Kisha akaja mwalimu, shule zikifunguliwa. Kwa mwalimu ilikuwa siku tatu. Tumbo lilimkata, hakuweza kushika hata maji, na kila alipoomba maji mama alikimbia kumletea yale ya mtungi wa mezani, maji ya kwanza, yaliyo bora. Naandika hili polepole. Tulimnywesha kwa kijiko. Mimi ndiye niliyeshika kijiko.

Alipopata nguvu ya kusimama aliondoka akiegemea bega la dereva. Alituaga vizuri. Alisema ni uzee.

Mama alianza kupigana na nyumba nzima. Alimwaga unga wa maandazi, akaenda soko la Kikula kununua mwingine kwa muuzaji mwingine. Alibadilisha maziwa ya unga. Aliacha mayai. Alichemsha vikombe, sahani, vijiko, akachemsha chai mara mbili. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni anasugua miguu ya meza, kana kwamba ugonjwa ungeweza kupanda kwa miguu hiyo.

“Mama, meza haitapishi mtu.”

“Basi niambie nini njo inatapisha. Weye njo ulisoma.”

Nilikuwa nimesoma. Na jibu lilikuwa kwenye kamba ya nguo. Mashuka yetu, ambayo mama aliyafua meupe mpaka yaliumiza macho, yalikuwa yameanza kuchukua rangi, kijani hafifu kama jani changa la muhogo likitazamwa dhidi ya jua. Mama alidhani ni sabuni mpya, na kwa kweli aliipenda. Mimi nilisimama mbele ya shuka moja, nikalinusa. Shaba. Mtoto yeyote wa Likasi anaijua rangi hiyo. Niliinua macho nikatazama kilima. Nyuma ya kilima kuna kiwanda.

Sikuuliza kitu kingine. Nilikuwa nimeiandaa hukumu ile tangu mwaka wa pili wa chuo, ilikuwa ikingoja mshtakiwa tu. Mchana huohuo nilikaa mezani nikaandika barua ya kukishtaki kiwanda, kurasa tatu za Kifaransa, na mama akipita na ufagio nilimtafsiria. Aliposikia neno kisima alisimama.

“Lakini papa yako alisafisha kile kisima. Kiangazi ya mwisho, mbele ya kufa.”

“Najua, mama. Yeye alisafisha, na bao ba kiwanda bamekichafua.”

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akaendelea kufagia. Mimi niliyemwuliza padri habari ya majivu sikumwuliza mama swali jepesi kuliko yote: alisafisha kwa nini, na kwa namna gani? Nilisikia neno la sifa kuhusu marehemu baba yangu nikaliacha lipite, kama watu wote wanavyofanya.

Barua niliipeleka kwa mkuu wa mtaa, na nakala ofisi ya komini, serikali ya sehemu yetu ya mji. Ilisomwa kwenye mkutano. Nilimwomba katekista atangaze baada ya misa kwamba watu wa upande wetu wasinywe maji ya visima vyao, na alitangaza, kwa sauti yake ya matangazo ya ndoa. Kuanzia siku hiyo niliwaona wanawake wakipita mbele ya ubao wetu na madumu vichwani, wakienda mtoni mbali, wakirudi shingo zimekakamaa. Walinisalimu kwa heshima. Nilijisikia mkubwa. Nilidhani ninamwokoa mama.

Mama hakuijali barua yangu; maji ya wageni alikuwa akiyachota kwa jirani wa bonde la chini ya kilima, mchimba visima, mtu wa maneno mengi ambaye peke yake katika mtaa alikataa kuacha kisima chake. “Tumbo yangu inajua kusoma kuliko barua,” alisema. Lakini mgeni akiuliza maji yanatoka wapi, mama hakujua kudanganya. Wachache waliolala hawakunywa chai. Walikaa mezani wameweka mikono yao mbali na vikombe.

Dereva pekee aliendelea kunywa. Aliiomba nakala ya barua, akaisoma yote akifuata mistari kwa kidole.

“Madamu injiniere,” alisema, hilo ndilo jina alilonipa, “umeandika sawa advoka, mutu wa sheria. Lakini minye ni mujinga, niulize?”

“Uliza, papa.”

“Bageni banagonjwa. Minye meno inasimama. Weye na mama munakunywa ileile kisima, miezi yote. Juu ya nini mweye hamugonjwe?”

“Tumezoea,” nilisema.

Alinitazama. Hakucheka. Alisema “aah,” akaikunja barua vizuri na kunirudishia.

Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, aliyepata kazi ya maabara Lubumbashi. Nilimpelekea chupa ya maji ya ndoo ya kwanza, nikitaka namba za kuweka chini ya barua yangu ya pili. Alitia matone ya amonia na maji yakageuka, buluu hafifu, nzuri kwa macho. Nilitaka kupiga makofi.

“Shaba iko, nyingi,” alisema. “Ya jirani iko wapi?”

“Jirani gani?”

“Wewe, si tulifundishwa pamoja? Unaleta chupa moja unataka kumfunga mtu?”

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilichota kwa jirani, ambaye kisima chake kiko karibu zaidi na kilima kuliko chetu, nikachota na kwa wengine wawili, nikarudi Lubumbashi na chupa ndani ya soksi. Rafiki yangu alizipanga dirishani. Amonia, amonia, amonia. Zilibaki kama machozi. Chupa ya nne, ya kwetu, ikawa buluu.

“Hii haitoki kilimani,” alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. “Ndani ya kisima chenu muko nini?”

Sikumbuki basi la kurudi. Nakumbuka mama alikuwa anachekecha unga, unga wa maandazi ya wageni wasiokuwepo, na kwamba sikumwamkia.

“Mama, papa alisafisha kisima na nini?”

“Na majiwe,” alisema.

“Majiwe gani?”

“Majiwe yake. Ile ya kijani, alikuwa nayo nyuma ya jiko, mu magunia. Haukumbuke? Ulikuwa unachezea.”

Nilikumbuka. Maisha yake yote ya kazi alirudi nyumbani na jiwe mfukoni, yale ya mistari ya kijani, yanayong'aa ukiyalamba. Tuliyapanga kama nyumba, kama ng'ombe. Magunia saba. Mama aliweka chekecheke chini na kueleza, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, maana alikuwa anasimulia kazi ya mwisho ya mume wake. Kiangazi kile maji yalikuwa na tope. Baba alisema changarawe ya kawaida inachuja tope tu, lakini jiwe la shaba linaua na wadudu. Kazini kwao kila mtu alijua hilo, shaba haikai na mdudu. Aliteremka mwenyewe, na umri ule. Mama alishika kamba, akamshushia gunia baada ya gunia, na yeye akayapanga chini, moja moja, kwa mkono.

“Alitoka akisema, sasa mugeni wetu hataumwa tumbo tena,” mama alisema.

Kisha aliniona uso. Ni mwanamke mwenye akili. Sikuhitaji kumweleza habari ya maji yanayolala usiku kucha juu ya mawe, na kiangazi kinapokaza mawe yanabaki mengi kuliko maji, na ndoo ya kwanza inachota yote yaliyoyeyuka usiku, na ya tatu inakuta maji mapya. Nilimwambia maneno mawili tu. Mengine aliyafikia mwenyewe, nilimwona akiyafikia. Alikaa juu ya kigoda.

“Ya kwanza,” alisema. “Minye njo nilikuwa naweka ya kwanza kwa mugeni.”

Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu mwingine. Nilitaka kumwambia si kosa lake, na sikuweza, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuuambia mtaa mzima ni kosa la nani. Kiwanda kile sijui kinamwaga nini na wapi. Siko hapa kukisafisha. Lakini hili halikuwa lake.

Jirani mchimba visima alikuja na ngazi ya kamba, kabla mvua hazijaanza. Alishuka akiimba, akanyamaza, kisha sauti yake ikapanda kama kutoka kwenye chungu: “Eee! Kumbe kiwanda iko mu kisima yenu!” Watu waliokuwa wamesimama karibu walicheka. Nami nilivuta kikapu. Kila kikapu kilipotoka, mawe yaliyolowa yalikuwa mazuri kupita kiasi, mistari juu ya mistari, na nilifikiria mikono ya baba ikiyapanga gizani kule chini. Mama alisimama kando siku zote mbili. Sikumwona akilia. Alisema neno moja tu, tulipotaka kuyamwaga kwenye korongo: “Hapana. Muyaweke nyuma ya jiko, kwenye yalikuwa.”

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama nikasema kwamba barua yangu haikuwa kweli, kwamba maji mabaya yalikuwa yetu peke yetu, kwa mawe yetu wenyewe. Nilidhani kusema ukweli kungekuwa na uzito uleule wa kusema uongo. Wanawake waliobeba madumu mwezi mzima walinitazama. Mmoja aliniambia, “Mama, na ile masomo yako yote?” na watu wakacheka kicheko cha uchovu. Mwingine alisema, kwa haki, kwamba shingo yake haitarudishwa kwa kuomba msamaha. Wakarudi kwenye visima vyao siku ileile. Kisima chetu ndicho kilichobaki na jina baya. Kilikuwa nalo sasa kwa ushahidi.

Nilimwaga maji, nikangoja yajae, nikamwaga tena. Nilipeleka chupa Lubumbashi mara tatu. Mara ya tatu rafiki yangu alitia amonia, tukatazama, na haikubadilika. Nilimpigia mama simu kutoka kwenye korido ya maabara, nikipiga kelele: “Imetakata! Mama, imetakata!”

“Aksanti, mutoto yangu,” alisema. Kisha akauliza kama nimekula.

Meza ilibaki tupu. Mafundi wa waya walipita kwa gari wakapunga mikono. Wazazi wa shule walipata nyumba nyingine, mjini. Mjomba alipiga simu mara moja, akauliza habari za wageni, na mama akasema mvua ni nyingi. Alikuwa akiniambia, “Yaya atakuya. Muhula ukiisha, yaya atakuya,” na nilijua kwamba ameweka yote juu ya mtu mmoja. Alimtayarishia chumba siku tatu kabla. Mashuka yalikuwa meupe tena. Nilikuwa nimeyaosha kwa limau mpaka vidole vikapasuka.

Mwalimu alikuja. Alishuka mwenyewe kutoka kwenye basi, amekonda zaidi, miwani na uzi wake uleule, na mama alikimbia, kweli alikimbia, kitenge kikimfunguka, akamkumbatia na kuchukua kikapu chake. Kikapu kilikuwa kizito. Mama alikishusha chini kwa mshangao akicheka.

“Yaya, umetuletea majiwe tena?”

Kitambaa kiliteleza. Chini yake palikuwa na bidoni ya njano, imejaa maji, kifuniko kimefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Nilitazama pembeni. Nilimsikia mwalimu akisema, haraka, “Ni ya dawa, yaya. Daktari alisema ninywe dawa na mayi moja tu.”

“Dawa gani inataka mayi ya Kamina?” mama aliuliza, kwa upole.

Kisha mwalimu alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kudanganya mara mbili.

“Mutoto alipima,” mama alisema. “Mara tatu. Imetakata.”

“Najua, yaya. Nilipata habari, nilifurahi. Kichwa yangu inajua. Tumbo yangu njo haijajua.”

“Bon,” mama alisema. “Tumbo haisomake.” Akabeba kikapu mpaka ndani.

Mchana ule mwalimu alimsuka nywele barazani, wakaongea habari za mjukuu na alama zake, na kama ungepita barabarani ungesema nyumba ile haijapatwa na neno.

Asubuhi nilimkuta mama kisimani. Alivuta ndoo ya kwanza, akaibeba mpaka mlangoni pa jiko, akaiweka mahali pake. Kisha aliinua ndoo akaimwaga kwenye shina la mahindi, taratibu, yote, akaingia ndani na kufungua bidoni ya njano. Alipika chai kwa maji ya mgeni. Aliipeleka mezani pamoja na maandazi na viazi, akakaa naye mpaka alipomaliza vikombe viwili. Mwalimu alisema hajawahi kunywa chai nzuri kama hiyo tangu mwaka uliopita, na nadhani alisema kweli.

Basi lilipomchukua, mama aliosha kikombe, akakifuta, akakipanga na vingine.

“Pigia mujomba yako simu,” alisema.

“Mama, dereva anakuja wiki ijayo. Yeye anakunywa. Na mwaka ujao—”

“Mugeni anabeba mayi yake mu nyumba yangu,” alisema. “Minye nitamupa nini tena?”

Niliweka chini sufuria niliyokuwa nayo mkononi, nikampigia.

Dereva ndiye aliyempeleka Kolwezi. Alipanga sanduku lake, kigoda chake na chekecheke mbele ya mizigo yote, akamfungulia mlango wa lori kama bibi harusi, akasema kwamba sasa kwa mara ya kwanza kamyo yake itakuwa na mtu wa kumpikia chai njiani, na mama akajaribu kucheka. Kabla ya kupanda dereva alirudi kisimani na birika lake. Alivuta maji mwenyewe, yalikuwa maji ya kwanza ya siku, akalijaza mpaka juu. Akaonja kwa kiganja.

“Hakuna musumari,” aliniambia.

Mimi nilibaki. Mjomba anasema niuze, lakini sijui ningemwambia mnunuzi nini kuhusu yale mawe nyuma ya jiko, ambayo mvua ikinyesha yanang'aa. Ubao sijauondoa. Kila asubuhi navuta ndoo ya kwanza, namimina kidogo kwenye glasi, natia amonia, natazama dhidi ya mwanga. Hakuna rangi. Kisha naibeba iliyobaki mpaka mlangoni pa jiko na kuiweka pale mama alipokuwa akiiweka, mpaka jua linapofika juu yake na maji yanaanza kupata moto. Mama akipiga simu huuliza nani amelala chumba cha katikati. Nyuma yake nasikia sauti ya mtoto akimwambia chakula kiko tayari.